Mafunzo ya kulisha wazee hapa Tanga: nimemaliza, haya ndo maoni yangu

Nyota 4 kati ya 5, na ile moja niliyoitoa nitaieleza vizuri huko chini maana ndo sababu hasa iliyonifanya niandike.

Kwa ambao hawajasikia, kuna huduma moja ya uuguzi wa nyumbani hapa mjini, pande za Majani Mapana, wanaendesha mafunzo mafupi ya kumsaidia mzee kula. Sio kozi ya unesi, sio ya upishi, ni kula tu, tangu mzee anakalishwa mpaka anafutwa mdomo na sahani inaondoka. Jumamosi na Jumapili, jumla masaa nane, ada elfu sitini na chai ndani yake. Jina silitaji kwa sababu kuna mambo nitayasema hayatawapendeza na sitaki kumwagia mtu mchanga kwenye riziki yake, ila mwenye nia atawapata tu, Tanga yenyewe ndo hii hii.

Hayo masaa nane hawakuyatunga wao. Mtaala waliuchukua Marekani, ambako tangu 2003 sheria inaruhusu nyumba za wazee kuwa na watu wa kulisha tu, kwa sababu saa ya kula ikifika wazee wote wana njaa kwa wakati mmoja na wahudumu hawatoshi, chakula kinapoa mezani mtu hajashikiwa kijiko. Msaidizi wa nesi kule lazima asome si chini ya masaa 75, huyu wa kulisha si chini ya masaa 8, kwa hiyo na mipaka yake imebanwa kweli kweli. Kazi za uuguzi sio zake. Na hata hiyo ya kulisha hapewi mzee mwenye shida kubwa ya kumeza, hapewi yule ambaye chakula kimeshamwingia mapafuni zaidi ya mara moja, hapewi anayelishwa kwa mpira wala kwa dripu. Na anafanya kazi chini ya nesi. Hilo la nesi naomba mlishike, nitalirudia.

Siku ya kwanza mwalimu, mama mmoja nesi mstaafu aliyekaa wodini miaka mingi, hakuanza na makaratasi. Alitukalisha wawili wawili, mmoja afungwe macho kwa mtandio, aegemee nyuma kabisa kwenye kiti kama mgonjwa aliyelala juu ya mto, mwenzie asimame juu yake amlishe uji haraka haraka bila kusema neno. Jamani. Nilianza kufungwa mie. Kijiko kinakuja hujui kimetokea upande gani, kinagonga meno, uji unashuka kooni kabla hujajiandaa, unataka kusema ngoja kwanza huwezi mdomo umejaa, unageuza uso pembeni na kijiko kinakufuata huko huko. Vijiko vichache tu nilikua nishapaliwa na machozi yananitoka. Mwalimu akatuuliza, "Mzee akigeuza uso hivyo majumbani watu wanasemaje?" Dada mmoja wa Makorora akajibu, "Wanasema leo kaamka na ukorofi wake." Mwalimu akaitikia kwa kichwa tu, akatwambia tubadilishane.

Alafu akaturudisha upya kwa uji ule ule wa sufuria ile ile. Safari hii anayelisha akae kwenye kiti, macho yenu yalingane. Anayelishwa akae wima, mgongo umenyooka, nyayo zimekanyaga chini, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Aambiwe kabisa, bibi huu uji wa mtama, una ndimu, ni vuguvugu, uko tayari? Kijiko cha chai, sio kile cha kulia wali, na kisijae. Kiingie kutokea chini, kisishuke toka juu maana kikitoka juu mtu anainua kichwa kukifuata na akiinua kichwa ndo anaifungulia chakula njia ya hewa. Alafu unasubiri. Unaangalia koo lipande lishuke ndo unaandaa kijiko kingine, sio kijiko kipo hewani yeye bado anatafuna. Tofauti niliyoihisi mwilini kati ya ule uji wa kwanza na huu wa pili mie siwezi kuielezea ikaeleweka, ila kwangu hilo zoezi peke yake limelipa nusu ya ada.

Wakaja kwenye dalili, na hapa walikaa sana, nawapongeza. Sie wengi tunajua mtu akipaliwa atakohoa. Kumbe wapo wazee ambao chakula kinapita njia isiyo yake na hakohoi hata kidogo, unaona kala vizuri, kumbe kinaenda mapafuni na baada ya siku ana nimonia. Kwa hiyo unasikiliza sauti. Mzee akishameza umsemeshe akujibu, sauti ikiwa kama ina maji maji ndani kuna kitu hakijashuka. Unaangalia macho kama yanalengwa machozi, pua kama inatoa, pumzi kama imebadilika. Unaangalia na shavu hasa la upande uliopooza, chakula kinajificha pale mtu mwenyewe hana habari, akilala kinateleza. Akimaliza kula halali, anakaa wima walau nusu saa. Na kinywa kinasafishwa hata kama hana jino hata moja, na meno ya bandia yanaoshwa, maana ule uchafu wa mdomoni ndo unaoshuka na mate ukaleta ugonjwa kifuani. Hili la kinywa nadhani ndo linalosahaulika kuliko yote majumbani kwetu, mzee anaogeshwa anapakwa mafuta anavalishwa kanga safi, mdomo hakuna aliyeugusa tangu juzi.

Sasa nisifie kitu ambacho hakimo kwenye mtaala wa Marekani na bila huyu mwalimu tusingekipata. Mkono wa kulia. Kule wameandika tu mzee asaidiwe kujilisha kadri anavyoweza kwa mkono wenye nguvu. Sawa, lakini mzee wetu wa Kiislamu kapata kiharusi kapooza kulia, ukimwambia babu tumia kushoto unamwambia ale na mkono ambao maisha yake yote anaujua kwa kazi nyingine. Wapo wanaoacha kula kabisa kwa hilo na watu wanadhani hamu imekata. Mwalimu akasema usimlazimishe wala usimpe hotuba, mshike mkono wake ule ule wa kulia, wa kwako uwe chini unaubeba wa kwake, kijiko mkishike wote wawili, mpini uzungushie kitambaa unenepe ushikike, na mpeleke pamoja. Kwa macho ya watu na ya kwake mwenyewe anakula kwa kulia.

Na jambo la sahani. Mzee asiyeona vizuri mtaala unasema mwelekeze chakula kwa mishale ya saa, nyama iko saa sita, mboga saa tatu. Ukilileta hivyo hivyo Tanga umempoteza mzee, kwa sababu saa sita ya kule mshale uko chini, yetu sie saa sita mshale uko juu, adhuhuri hiyo. Utamwambia samaki yuko saa sita atapapasa juu na samaki yuko chini karibu na tumbo lake. Darasa zima tulibishana pale, wengine wanataka tuhesabu kizungu, mwisho tukakubaliana kwa busara ya mwalimu kwamba saa tuachane nayo, sema wali uko karibu na wewe, samaki upande wa dirisha, mboga upande wa mlango, na mshike mkono umguseshe. Tena wali mweupe usiupakue kwenye sahani nyeupe, mzee mwenye macho mazito au mwenye kusahau sahau haoni kama kuna chakula pale. Tafuta sahani ya bluu au nyekundu. Nimejaribu kwa bibi mmoja ninayemhudumia na kweli anauona wali anaufuata mwenyewe.

Samaki pia walimpa haki yake, na ingekua aibu mafunzo yafanyike Tanga samaki asitajwe. Kibua, changu, tasi, miiba unaitoa kwa vidole vyako ulivyoosha sio kwa uma, unaibonyeza nyama bonyeza bonyeza kwenye mwanga, alafu unailainisha na tui au mchuzi. Chakula kikavu cha kumomonyoka hakimfai mzee asiye na mate ya kutosha, andazi la jana lichovye chai, chapati ichane chane iloweke kwenye mchuzi wa mbaazi. Ila usivurugie kila kitu kwenye bakuli moja ukakoroga ikawa uji wa rangi isiyojulikana, labda mwenyewe aombe. Mtu mzima ana haki ya kujua anakula wali na anakula kisamvu.

Jumapili mchana tukapelekwa nyumba moja Ngamiani, familia ilisharidhia na mzee mwenyewe karidhia, mwalimu alishahakikisha kumeza kwake hakuna shida ni mkono tu na ulimi mzito. Mzee aliwahi kufanya kazi reli. Tukaingia tukaamkia, shikamoo babu, kaitikia. Kijana wetu mmoja wa darasani akakaa sawa sawa kama tulivofundishwa, kijiko sawa, kimo sawa, kila kitu sawa, mzee kafunga mdomo. Mara ya pili kafunga. Mkwewe akasema ndo zake hizo, wiki hii yote hali. Mwalimu hakusema kitu, akaomba jagi la maji na beseni. Akaupandisha ule mkono uliopooza akauweka juu ya beseni, akaosha kidole kimoja kimoja, katikati ya vidole, kiganja, akaufuta na taulo. Alafu akanyamaza akimwangalia mzee. Mzee akachukua muda wake, ulimi unakataa, mwisho ikatoka, bismillah, haikunyooka lakini ilitoka. Baada ya hapo alikula. Alikula wali wa nazi na kibua cha kupaka taratibu sana karibu saa nzima, mkono wake na mkono wa mwalimu kwenye kijiko kimoja, na alipomaliza akadai kahawa. Mie niliyaona haya kwa macho yangu, na ndo maana nasema yule mama akistaafu mara ya pili hayo mafunzo yatabaki makaratasi.

Haki ya kukataa nayo walisisitiza. Mzee akisema basi ni basi, unaweza kurudi baadae, unaweza kubadilisha chakula, huwezi kumbana taya. Na lugha. Marufuku "fungua mdomo mtoto mzuri", marufuku "ham ham". Huyu ni mtu aliyelea watu. Unamwita kama anavyoitwa mtaani kwake, Bi fulani, Mzee fulani, Mwalimu kama alikua mwalimu. Na hufungi kitambaa shingoni bila kumuomba ruhusa.

Haya, sasa mabaya.

La kwanza bango lao. Limeandikwa cheti cha kimataifa, na kuna watu wametoka mpaka Pangani na Muheza kwa sababu ya neno hilo, mmoja aliniambia kabisa ana dada yake Marekani anataka kwenda kufanya hiyo kazi. Jamani, cheti hicho hakikufikishi huko. Kule sheria inataka mafunzo yawe yameidhinishwa na jimbo lenyewe unalofanyia kazi, na nyumba ya wazee ndo inaweka kumbukumbu ya kila mtu wake aliyefuzu. Kuusoma mtaala wao Tanga hakukufanyi uwe umeidhinishwa Ohio. Nilimwambia msimamizi wao kwa heshima kabisa, akasema neno kimataifa maana yake mtaala ni wa kimataifa. Hilo jibu mie sikulikubali na bado silikubali. Watu wanakopa kulipa hiyo elfu sitini. Liondoeni hilo neno, mafunzo yenu ni mazuri hayahitaji kupambwa.

La pili kupaliwa kule kwa hatari, yaani mtu kaziba kabisa hatoi sauti hakohoi anashika koo. Walitueleza, makofi matano mgongoni katikati ya mabega ameinamishwa mbele, ikishindikana unamkumbatia nyuma unakunja ngumi juu ya kitovu unabana kwa ndani na juu mara tano, unarudia huku mwingine anaita msaada. Maelezo sahihi. Lakini tuliyasikia tu na kuona kwenye simu ya mwalimu, kila mtu alitakiwa ashike mwenzie aone ngumi inakaa wapi (bila kubana kweli, mtu mzima hubanwi kwa mazoezi) na muda ukawa umekwisha maana Jumamosi tulianza tumechelewa tukisubiri umeme. Kitu ambacho siku kikitokea una dakika chache tu huwezi kukifundisha mwishoni watu wanaangalia saa ya bajaji.

La tatu ndo lenyewe, ndo nyota iliyoondoka.

Nilisema huko juu, mwenye masaa nane anafanya kazi chini ya nesi. Mafunzo yote yamejengwa juu ya hilo. Kila ukurasa unasema ukiona hivi acha kulisha mwambie nesi, ukiona vile acha mwambie nesi. Kwenye nyumba ya wazee nesi yuko humo humo, unabonyeza kengele. Hapa kwetu nyumba za wazee ni chache sana, tunayo makazi ya serikali kama pale Mwanzange na kwengineko, ila wazee wetu karibu wote wako nyumbani na watoto au wajukuu. Kwa hiyo huyu aliyefuzu Jumapili, Jumatatu anapelekwa nyumba ya mtu peke yake. Nesi ni namba ya simu.

Mie walinipatia familia moja Raskazone, bibi kazeeka lakini anakula vizuri, familia watu wazuri sana. Jioni moja katikati ya mlo akaanza kukohoa, akatulia, nikamsemesha akajibu kwa ile sauti ya maji maji niliyofundishwa. Nikaacha kulisha hapo hapo, nikamweka wima zaidi aegemee mbele kidogo, nikampa muda akohoe mwenyewe, sikumpa maji. Nikapiga ile namba. Inaita mpaka inakata. Nikapiga tena inaita mpaka inakata. Nikamwambia mwanae tusisubiri tuchukue usafiri twende hospitali ya Bombo akaangaliwe kifua, na tulienda, bibi yuko salama alhamdulillah. Simu nilipigiwa usiku, nesi alikua kwa mgonjwa mwingine na simu kwenye mkoba. Simlaumu yeye, ana mikono miwili. Nawalaumu walioweka nesi mmoja kwa wasaidizi wote na kwa wagonjwa wake mwenyewe, tena saa ya chakula cha jioni ambayo nyumba zote zinakula kwa wakati mmoja. Si ndo shida ile ile iliyofanya hii kazi ianzishwe huko kwa wenzetu?

Kinachotakiwa hakina gharama ya ajabu. Nesi mmoja wa zamu ambaye saa za kula, asubuhi mchana na jioni, hana mgonjwa mkononi, kazi yake kupokea simu na kupanda bodaboda ikibidi. Na kabla msaidizi hajapelekwa nyumba yoyote nesi aende kwanza amwone mzee anavyomeza, aandike huyu anafaa kulishwa na mtu wa masaa nane au huyu hapana. Kwa bibi wa Raskazone hilo halikufanyika, niliambiwa tu anakula vizuri. Kwa sasa ameshaonwa hospitali, chakula chake kimebadilishwa unene na anayemlisha ni binti yake aliyeelekezwa na wao, mie namsaidia mambo mengine. Na hivyo ndo inavyotakiwa hata kwa sheria ya huko walikoutoa mtaala.

Nani aende? Kama una mzee nyumbani nenda, nenda hata kesho, elfu sitini yako itarudi kwenye nimonia moja tu utakayoiepusha. Kama ni dada wa kazi unamlipia wewe mwajiri, mlipie na umlipe na siku hizo mbili. Wanaume nendeni pia, wapo wababa watu wazima wanaona haya kulishwa na mwanamke asiye ndugu na wana haki yao hiyo, darasa letu wanaume walikua wawili tu. Kama unataka ajira, uliza kabla hujatoa hela: nesi wa zamu ni nani, namba zake ngapi, na nitakayempelekewa ameshaonwa anavyomeza? Wakikujibu kwa kuzunguka zunguka, soma tu mafunzo uende nayo nyumbani kwako. Kama unataka Marekani, usiende kwa ajili hiyo.

Chumba kina feni moja, kaa upande wa mlango. Chai ni nzuri, na mihogo ya kukaanga. Nenda na kijiko cha chai cha kwako na mtandio wa kufungia macho, vya kwao havitoshi. Kuna siku ya marudio wanaitoa bure kwa waliomaliza, mie nitakwenda na hilo la nesi wa zamu nitaliuliza tena mbele ya darasa, wakilirekebisha narudi hapa naongeza nyota ya tano.